Lango Jembamba la Uwanja wa Bembea

Kiti cha kwanza cha magurudumu cha binti yetu kilitoka uwanja wa ndege wa Juba. Mume wangu alikuwa mpakuaji wa mizigo pale, akishusha masanduku ya ndege za Nairobi na Entebbe, na siku moja msimamizi wake aliamuru toroli kuukuu litupwe kwa sababu mhimili wake ulikuwa umepinda. Mume wangu akaliomba. Akalikokota juani hadi kwa rafiki yake mchomeleaji wa vyuma, na jioni wakaja wawili nyumbani, wanacheka njia nzima kama watu walioua nyati. Walikuwa wamelikata toroli katikati, wakafunga juu yake kiti cha plastiki cha buluu chenye mikono, wakatoboa mgongo wa kiti na kupitisha mkanda uliokuwa wa begi la abiria asiyejulikana.

"Bosi," mume wangu akamwambia mtoto, "gari yako imefika."

Binti yetu alikuwa na miaka sita. Alikitazama kile kiti, akakizunguka kwa macho, kisha akauliza, "Honi iko wapi?"

Wanaume wale wakatazamana. Honi hawakuikumbuka. Kesho yake ikaletwa, honi ya baiskeli yenye mpira wa kubinya, na tangu hapo mtaa wetu haukujua tena usingizi wa mchana.

Alizaliwa na miguu yenye nguvu. Alikuwa ameanza kutambaa homa kali ilipomshika, na homa ile ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu. Nilimbeba mgongoni kwa miaka, nikienda naye sokoni, kanisani, kisimani. Sikuona kuwa ni mzigo. Ila alikuwa anakua, na mgongo wangu ulikuwa ule ule.

Mume wangu na mimi tulikutana Juba baada ya mkataba wa amani wa kabla ya uhuru, wakati watu walikuwa wanarudi kutoka kila upande. Mimi nilikulia Eldoret, ambako baba alikuwa mlinzi wa ghala, na Kiswahili nilikisoma darasani hadi kidato cha nne, nikachapwa sana kwa ajili ya ngeli. Yeye alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, akaokota Kiswahili chake kwa madereva wa malori na askari. Nyumbani tuligombana kwa Kiarabu cha Juba, tukasali kwa Kiingereza, na mapenzi na mizaha tukaviachia Kiswahili. Nilikuwa nikimsahihisha.

"Siyo gari yako imefika. Ni gari lako limefika."

"Ngeli yenu iko mingi kuliko kabila ya Sudan Kusini," alikuwa akinijibu. "Na yote inapigana."

Vita vilipolipuka mara ya kwanza tulikimbilia uwanja wa kanisa pamoja na mtaa mzima, tukakaa huko hadi bunduki ziliponyamaza mjini. Tuliporudi, mji ulikuwa umerudi nusu. Soko lilifunguliwa, ndege zikatua, lakini shule zilifungwa na kufunguliwa na kufungwa tena, kwa kuwa walimu hawakulipwa na wengi walikuwa wameondoka. Watoto wakabaki barabarani kutwa. Walicheza kati ya bodaboda na malori ya maji, wakiviringisha matairi, na sisi mama zao tulikuwa sokoni tukiuza huku masikio yakiwa barabarani. Kisha lori la maji likamgonga mtoto wa jirani. Alipona, akabaki na kovu kubwa pajani, lakini siku ile kina mama waliacha bidhaa zao mezani wakaenda ofisi ya payam, yaani serikali ndogo ya eneo letu, wakapiga kelele hadi walipoahidiwa mahali pa watoto kuchezea.

Ahadi ile ilitimizwa, na sijui ni nani alishangaa zaidi, sisi au wao. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kiwanja kitupu kilichojaa chupa za plastiki na miiba. Walikisafisha, wakakizungushia uzio wa waya, wakasimamisha bembea, mteremko wa bati, pembea ya ubao wa kupanda na kushuka, na gurudumu kubwa la kuzunguka. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa soko. Kila asubuhi mkusanya ushuru alipita mezani kwangu, nampa chake, ananikatia tiketi ndogo. Nilikuwa nauza nyanya, vitunguu na siagi ya karanga. Kwa hiyo nilipoziona bembea zile zimepakwa rangi nyekundu nilimwambia mume wangu, "Ile ya mwisho ni nyanya zangu."

Siku ya kufunguliwa tulimvisha binti yetu gauni la Krismasi. Alipiga honi tangu mlangoni kwetu hadi kiwanjani, watoto wakimpisha njia. Tukafika langoni, tukasimama.

Lango lilikuwa nguzo mbili za chuma zilizokaribiana kiasi cha mtu mzima kupita kwa ubavu, na chini yake kizingiti cha saruji kilichofika magotini. Fundi aliyejenga alikuwa amesimama pale, kijana mchangamfu, akatueleza kwa fahari kabisa. Kila asubuhi na jioni makundi ya ng'ombe hupita mtaani kwetu kwenda malishoni, ng'ombe wenye pembe ndefu, wa watu wasiogombezeka. Asingeweka lango la namna ile, ng'ombe wangeingia na kuharibu kila kitu.

"Hapa ng'ombe hapiti," alisema, akaigonga nguzo kwa kiganja.

Binti yetu aliziangalia nguzo, akakiangalia kiti chake cha buluu. "Mama," akauliza kwa sauti iliyosikika na wote, "kwani mimi ni ng'ombe?"

Watu walicheka, naye akacheka, maana alipenda kuchekesha. Fundi hakucheka. Nakumbuka jinsi alivyoitoa kofia yake na kuishika mkononi bila kujua aipeleke wapi.

Mume wangu akamfungua mkanda, akambeba, akaruka naye kizingiti, akampakata hadi kwenye bembea. Bembea ilikuwa ubao mtupu na minyororo miwili. Alimkalisha, lakini kiuno chake hakikuweza kujishikilia. Kila bembea ilipoondoka yeye alirudi nyuma kama gunia linalotaka kudondoka. Ikabidi baba yake amshike kiunoni, akienda mbele na kurudi nyuma pamoja naye, jasho likimtoka.

"Baba, niachilie."

"Nikiachilia, utaanguka."

"Basi hii siyo bembea. Hii ni kubebwa."

Baada ya siku hiyo alikataa kupitishwa mikononi. Alisema anataka kuingia na gari lake au asiingie. Nilidhani atakata tamaa na kubaki nyumbani. Wapi. Kila alasiri aliwataka watoto wa jirani wamsukume hadi kwenye uzio, akakaa nje ya waya na kuwa refa. Nani ashuke sasa, nani kasukuma vibaya, nani kapita zamu, yote aliyaamua yeye kwa honi. Honi moja, shuka. Honi mbili, umefanya makosa. Watoto walimtii kupita walivyotutii sisi. Lakini nilipomfuata jioni niliona alama za waya kwenye paji la uso wake, mahali alipokuwa ameliegemeza, na ndipo nilipomwambia mume wangu kwamba tutakwenda ofisini.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya uchovu. Yeye pia alikuwa amerudi kutoka Uganda. Mlango wa ofisi yake ulikuwa hauna kitasa, na alitukaribisha kwenye benchi akabaki amesimama, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kukalia. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Ninawaambia ukweli, dada," alisema. "Fungu la uwanja lilikwisha siku ile ile uwanja ulipokwisha. Hata mshahara wangu sijauona tangu mvua zilizopita."

"Kwa hiyo hakuna la kufanya?"

"Sijasema hivyo. Kabla ya mwaka mpya wa fedha tunaita mkutano wa wazi. Wananchi wanasema ushuru utumike kwa nini. Mkija ninyi wawili, itaonekana mnaomba hisani kwa mtoto wenu. Mkija wengi, itakuwa haja ya mtaa."

"Wengi tutawatoa wapi?" mume wangu akauliza. "Mutoto kama huyu iko yeye peke yake."

Afisa alimtazama binti yetu, aliyekuwa anajaribu kuona kama honi yake inalia vizuri zaidi ndani ya ofisi. "Unafikiri hivyo?" alisema.

Tulianza kupita nyumba kwa nyumba siku za Jumapili baada ya ibada. Nilimsukuma yeye mbele, maana niligundua kwamba watu waliponiona peke yangu walidhani nadai kitu, lakini walipomwona yeye walitoa kiti na maji. Tulimpata msichana asiyeona, ambaye kaka zake walikuwa wakimwambia bembea ni kitu kirefu chenye meno ili asitake kwenda. Tulipata ndugu wawili viziwi. Tulimpata mtoto aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini kule walikotoka. Nilikuwa nimeishi mtaa ule miaka mingi na sikuwa nimemwona hata mmoja wao.

Nyumba moja sikuikusudia. Ilikuwa ya mwenzangu wa sokoni, mama wa samaki wakavu, ambaye meza yake na yangu ziligusana. Alinizidi umri sana, nami nilimwita habooba, kama tunavyowaita bibi zetu Juba. Tulikuwa tumekula sahani moja mchana kwa miaka. Nilijua magoti yake yanauma wapi, nilijua mwanawe alikwenda vitani akawa haandiki wala hapigi simu. Nilijua anaishi peke yake. Tulipita kwake kumsalimu tu.

Alitoka nje haraka akauvuta mlango nyuma yake. "Karibuni, karibuni, kaeni hapa kwenye rakuba," alisema, akatupa viti chini ya kivuli cha matete mbele ya nyumba. Nikamweleza tunachokifanya. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Kazi njema, binti yangu. Lakini huku kwetu hakuna mtoto kama huyo."

Binti yetu alikuwa amechoka na mazungumzo ya watu wazima. Akapiga honi mara moja.

Ndani ya nyumba, kitu kikagonga bati. Mara moja.

Binti yetu akageuza kichwa. Akapiga honi mara mbili. Bati likagongwa mara mbili. Akapiga mara tatu kwa haraka, na kutoka ndani yakaja mapigo matatu ya haraka, na baada yake sauti ya kicheko ambayo sijawahi kuisahau, kicheko kizito kama cha mtu anayecheka maji yakiwa kinywani.

"Habooba," binti yangu alisema, "kuna mtu anacheza."

Mwenzangu aliuachia mlango. Aliketi chini mchangani, hapo hapo, na kanga yake akaipeleka usoni. Nikaketi karibu naye. Honi na bati viliendelea kuitana juu ya vichwa vyetu.

"Ni wa mwanangu," alisema hatimaye. "Mama yake alikimbia alipoona hakai, hasemi. Mwanangu alipokwenda na asirudi, ndugu walisema mtoto ndiye aliyemfunga njia. Walitaka nimpeleke mbali nikamwache. Nikawaambia amekufa." Akapangusa pua. "Kila nikija sokoni namfungia. Wewe ulidhani kwa nini ninawahi kuondoka?"

"Nilidhani magoti."

"Magoti pia," alisema, na tukacheka wote wawili huku tunalia, kwa kuwa lilikuwa jibu lake kabisa.

Tuliingia ndani. Alikuwa msichana mkubwa kuliko wetu, mikono na miguu imekakamaa, nywele zimesukwa vizuri mno, mistari imenyooka kama ya shamba la kupimwa. Alikuwa safi. Alilala kwenye mkeka karibu na ukuta wa bati, na sehemu aliyokuwa akigonga kwa kifundo cha mkono ilikuwa imebonyea na kung'aa kwa miaka ya kugongwa. Binti yetu aliomba asogezwe hadi karibu naye. Akampa honi aibinye. Vidole vilihangaika, tukangoja, na ilipolia msichana yule alifungua kinywa chote kwa furaha.

Mume wangu aliinama akajifanya kukagua gurudumu la kiti.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule iliyofungwa. Watu walijaa, kwa maana ushuru ni kitu kinachomuuma kila mtu. Walitaka choo cha soko, walitaka taa, walitaka daraja dogo kwenye mfereji unaotuzamisha kila masika. Afisa wetu aliposoma ombi la uwanja, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari alisimama. Sikumchukia hata wakati ule. Aliongea kwa adabu.

"Vijana wetu wanakufa," alisema. "Kule kwenye kambi ya waliofukuzwa na vita watu wanalala kwenye maji. Nasi tukae hapa tugawe ushuru wa maskini kwa bembea? Bembea mara ya pili? Nionyesheni mama anayelala njaa, nitampa. Lakini mchezo utangoja amani."

Wengi waliitikia. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba ya Kiswahili cha darasani, yenye methali, na yote ikaniyeyuka. Aliyesimama alikuwa mume wangu, ambaye hata kwenye harusi yetu alimwachia kaka yake ashukuru wageni.

"Mzee, wewe iko sawa," alianza. "Mimi nafanya kazi ya kushusha mizigo. Tangu vita, nashusha unga, nashusha hema, nashusha dawa. Nashusha maiti pia, na kubwa na kidogo." "Hiyo yote ni ya kufanya mtu hapana kufa. Ni muzuri. Lakini mutoto yangu hapana kufa, mzee. Iko hai. Kila siku naamka, iko hai. Sasa mimi mufanye nini na yeye?"

Aliketi. Nadhani alitaka kuendelea na maneno yakamwishia.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka na mwenzangu wa samaki akaingia na mjukuu wake mgongoni, amefungwa kwa kanga mbili, miguu mirefu ikining'inia karibu na ardhi. Kila mtu wa mtaa alimjua. Walijua hana mtoto nyumbani. Alipita katikati yao polepole kwa magoti yale yanayouma, hadi mbele, akageuka ili wamwone vizuri mtoto aliye mgongoni.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Niliwadanganya kwamba amekufa. Mimi nalipa ushuru kila siku ya Mungu. Sijaomba kitu."

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, muuza mkaa, alinyanyuka akampa kiti chake. Afisa aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikanyooshwa. Mzee yule hakunyoosha wake, lakini tulipotoka alimsaidia habooba kushuka ngazi, akiwa ameishika miguu ya msichana isigonge ukuta.

Ningependa kusema kwamba lango lilivunjwa wiki ile. Mchanga uliletwa, ndiyo, na fundi yule yule wa kofia alikuja kupima. Kisha, katikati ya mvua, vita vikalipuka tena ndani ya mji, safari hii karibu zaidi na sisi, upande wa uwanja wa ndege. Tulikimbilia kanisani tena. Mume wangu alisukuma kiti cha buluu kwenye matope akiwa amewapakia wasichana wote wawili, mmoja juu ya mwingine, na binti yetu alikuwa ameshika honi kwa mikono yote miwili ili isilie. Habooba na mimi tulifuata nyuma tukiwa tumeshikana. Sitasema zaidi juu ya siku zile. Tuliishi.

Tuliporudi, uwanja wa bembea ulikuwa umejaa watu. Familia zilizofukuzwa kwao zilikuwa zimetandaza mahema ya plastiki juu ya nguzo za bembea, na kwenye mteremko wa bati palianikwa nguo. Mtoto mchanga alikuwa amelazwa kwenye gurudumu la kuzunguka, na dada yake alimzungusha taratibu ili alale. Nilimkuta afisa wetu amesimama kwenye uzio, amekonda.

"Siwezi kuwatoa," aliniambia kabla sijauliza.

"Hakuna anayetaka uwatoe."

"Na ile pesa ya lango, dada. Tuliinunulia maji na sanda. Nisingependa uyasikie kwa mtu mwingine."

Nilimwambia malesh, neno letu la pole. Lilinitoka moyoni. Nilikuwa nimewaona waliozikwa kwa zile sanda.

Basi tukangoja. Wasichana wetu walikuwa hawatengani tena. Mwenzangu hakumfungia mjukuu wake. Alimleta sokoni, tukamtengenezea mahali kati ya meza zetu, juu ya magunia, na wateja walizoea. Wengine waliacha kununua samaki kwake, akawapungia mkono waende. Binti yetu alimfundisha alfabeti, au alijidai kumfundisha, na baba yao mmoja, maana mume wangu alijihesabu baba wa wote wawili, alikuja na mchomeleaji wakamwundia naye kiti chake, chenye mahali pa kuegemeza kichwa.

Mahema yaliondoka kidogo kidogo, familia moja ikienda kambini, nyingine Uganda. Ukaja mkutano mwingine wa ushuru. Yule mzee hakuwepo. Alikuwa amehamia kwa binti yake ng'ambo ya mpaka. Ushuru ulikuwa umepungua sana, na mjadala ulikuwa mrefu kuhusu choo, lakini lango lilipita bila mtu kupinga. Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja saruji, kwa kuwa ilitoka Uganda kwa barabara ya mpakani, ya Nimule, na barabara ile malori yalikuwa yanashambuliwa. Mifuko ilifika mmoja mmoja. Kina mama wa soko walichota mchanga. Fundi alivunja kizingiti chake mwenyewe kwa nyundo na aliimba akivunja. Akajenga mteremko wa saruji wa kupandia magurudumu, akaweka lango pana lenye komeo la chini, la kufikiwa na mtu aliyeketi. Mchomeleaji alitengeneza bembea mbili zenye mgongo na mkanda.

Kama ilivyotabiriwa, wiki ya kwanza mtu alisahau komeo na ng'ombe wakaingia. Tuliamka tukakuta fahali mkubwa amesimama chini ya bembea nyekundu, ametulia, pembe zake zimenasa kwenye mnyororo. Ilichukua mtaa mzima kumtoa. Fundi alikuja, akatazama, hakusema hata neno moja, na nilimheshimu kwa hilo.

Alasiri ya kwanza ya kucheza tulikwenda sote. Binti yetu alipanda mteremko kwa mikono yake mwenyewe akisukuma magurudumu, akasimama mara mbili kupumua, akakataa msaada. Mume wangu alimfunga mkanda wa bembea, akausukuma mgongo wa kiti mara ya kwanza kwa woga, kama anayesukuma yai. Hakuanguka. Akasukuma tena. Bembea ya jirani ilikuwa na mjukuu wa habooba, na kile kicheko chake kizito kilipanda na kushuka. Watoto wengine walikuwa wamepanga foleni nyuma wakipigania nafasi ya kusukuma.

Mume wangu aliendelea kusimama pale, mikono mbele, tayari kudaka.

"Baba," binti yetu alisema akipita hewani, "nenda."

"Wapi?"

"Nyumbani. Au sokoni. Hapa ni pa watoto."

Alinitazama mimi. Nikainua mabega. Tukatoka nje ya lango, tukalifunga komeo, tukasimama barabarani tusijue la kufanya na mikono yetu. Alasiri zote za miaka ile mmoja wetu alikuwa akimbeba, akimsukuma au akimngoja. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama wa chai mwenye jiko na viti vidogo vya kamba. Habooba alikuwa ameshaketi pale, miguu ameinyoosha, glasi mkononi, anafuatilia kwa kidole nani anamsukuma mjukuu wake.

"Kaeni," alisema. "Mnanizibia ninaowaangalia."

Tuliagiza chai ya tangawizi. Mume wangu aliikoroga sukari muda mrefu.

"Watoto iko anacheza," alisema.

"Watoto wanacheza," nikamwambia.

"Ndiyo," alisema. "Hiyo."